Kofi Nililompiga Mtani

Watu wananiambia nisahau. Miaka imepita, wanasema, waliohusika wengi wako chini ya udongo, na wewe mwenyewe ni mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu, hasira za nini? Nawajibu kwamba hasira ni zangu, nazilea mwenyewe, sijamwomba mtu anisaidie kuzibeba. Leo nimeamua kuziandika. Majina ya watu sitayataja, maana wameacha watoto na wajukuu, na Kilosa ni mji mdogo, tunakutana sokoni.

Kisa chenyewe ni cha vitabu vya katuni, vile vya mashujaa wanaopaa angani na kuinua magari. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni. Nilichekwa na watu wazito kuliko nyinyi.

Nilipangiwa kufundisha Mikumi miaka ile barabara kuu ya kwenda Zambia ilipokuwa inajengwa. Mainjinia wa kigeni walikuwa na kambi yao, na kwenye jalala la kambi ile ndiko nilikookota kitabu changu cha kwanza. Mwalimu kuokota jalalani haikuwa ajabu. Shule yetu haikuwa na vitabu vya kutosha, karatasi yoyote yenye maandishi tuliichukua. Kilikuwa kimelowa chai upande mmoja, na jalada lilikuwa limechanika. Ndani yake kulikuwa na jibaba la misuli lililovaa chupi juu ya suruali ya kubana, na shuka la kijani mgongoni, limezuia daraja zima lisianguke kwa bega moja. Nilicheka peke yangu njia nzima. Nilipofika nyumbani nikakisoma mara tatu, nikitafuta maneno magumu kwenye kamusi ya shule.

Baada ya hapo nikafanya urafiki na mpishi wa kambi, mzee mmoja wa milimani, mtu wa kanisani kila Jumapili. Alikuwa anawashia jiko vitabu vile. Jiko! Tena kila siku asubuhi, shujaa mmoja na mafuta ya taa kidogo. Nikamwambia mzee wangu, shikamoo, mimi nitakuletea magunzi ya kuwashia, na mayai juu yake, wewe niwekee hivyo. Akanitazama akidhani nimerogwa, lakini akakubali. Kwa njia hiyo nikakusanya vitabu mpaka sanduku langu la bati likawa halifungi.

Walimu wenzangu hawakuniacha nipumue. Nikiingia ofisini asubuhi, mmoja ananiuliza, “Mwalimu, shemeji yetu leo kavaa chupi ya rangi gani?” Wengine wanaangua kicheko. Nilikuwa sijaolewa, basi ikawa ndio wimbo: mwalimu anasubiri mchumba wa kuja kwa kupaa. Nami sikuwa mtu wa kunyamaza. Niliwajibu kwamba huyo wa kupaa angalau anafika kwa wakati.

Kitu walichokuwa hawakijui ni kwamba sikuvikusanya kwa ajili ya mashujaa. Nilivikusanya kwa ajili ya kaka yangu.

Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mbegu Kilangali. Kazi yake ilikuwa kuandika magunia na vibao. Mbegu zile zilikuwa zimetiwa dawa ya wadudu, na wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo pembeni ya maneno “si ya kula” alichora fuvu la mtu. Alilichora vizuri mno, wanawake wakawa hawataki kupita karibu na ghala. Msimamizi akamwambia apunguze meno. Alisoma mpaka darasa la nne tu, na hakuna mtu aliyemfundisha kushika kalamu ya kuchora, hata mmoja.

Kila likizo nilipanda treni ya Mikumi kuja Kilosa, kisha nikatembea mpaka kwetu Chanzuru na vitabu chini ya kikapu, juu nimefunika kitenge. Salamu na mama zikiisha, mimi na kaka tunakaa barazani tunavifungua. Yeye hakuhangaika na hadithi. Kiingereza hakukijua. Alitazama mikono ya watu waliochorwa, mikunjo ya nguo, moshi, maji.

“Huyu siye aliyechora kile cha jana,” aliniambia siku moja.

“Umejuaje? Hakijaandikwa jina la mchoraji hata kimoja.”

“Tazama vidole. Wa jana anachora vidole vinene vya mtu wa jembe. Huyu vyake vyembamba, vya karani.”

Nikatazama, na kweli. Kuanzia siku ile tukaanza kuwatenganisha wachoraji kwa mikono yao, vitabu zaidi ya mia, na kila mmoja tukampa jina letu la utani. Kulikuwa na Vidole Vinene. Kulikuwa na Fundi Mvua, ambaye mvua yake ilikuwa ya mistari myembamba iliyolala upande, unaisikia baridi. Kulikuwa na Mvivu, ambaye nyuma ya watu hachori kitu, anaacha ukuta mweupe tu. Niliandika kwa penseli ndani ya kila jalada: huyu ni fulani. Kaka alikasirika sana kwa ajili yao. “Mtu kachora vidole mia nne, halafu jina linaandikwa la mwenye kiwanda! Huu ni wizi kama wizi mwingine.” Yeye na mimi tulikuwa na damu moja ya hasira, mama alikuwa anasema hivyo.

Halafu likaja neno kasumba. Mjumbe mmoja wa kamati ya shule aliona kitabu mezani kwangu, na katika kikao cha wazazi akasimama akasema mwalimu wa taifa huru analishwa kasumba ya kikoloni, kesho ataipakua kwa watoto wetu. Nikaitwa nijieleze mbele ya watu wote kama mwizi wa mahindi. Nilijieleza mpaka sauti ikakauka. Nikarudi Chanzuru nikiwa nimefura, nikamsimulia kaka nikitegemea atafura na yeye. Yeye akacheka.

“Jamaa kasema kweli kidogo. Hili jibaba halijawahi kuja Kilosa. Mto Mkondoa ukifurika, anakuja nani?”

Jioni hiyo alichukua daftari la hesabu, lile la miraba, akaanza kuchora mwanamke wa Chanzuru anayefunga kanga shingoni na kupaa.

Kwa miaka minne alijaza madaftari kumi na moja. Alitumia kalamu ya wino wa buluu na brashi aliyojitengenezea kwa manyoya ya mkia wa mbuzi. Mwanamke wake alifukuza nguruwe pori shambani, alimtoa mlanguzi aliyejificha kwenye gunia la sukari yake mwenyewe, alisukuma treni iliyokwama kilimani huku abiria wakimpigia makofi madirishani. Madaftari ya mwanzo yalikuwa ya mtu anayejifunza. Kuanzia la tano mkono ulikolea. La saba ndilo la mafuriko ya Mkondoa, na ndani yake mna kurasa sita ambazo hazina neno hata moja: maji yanapanda, mlango wa nyumba, sufuria inaelea, mkono wa mwanamke mzee unaifuata sufuria. Mama alipoonyeshwa kurasa zile alitoka nje akakaa peke yake uani. Aliyakumbuka maji yale. La tisa lilikuwa na soko la Kilosa lililotazamwa kutoka juu, anavyoliona anayepaa, na kila paa ulilijua la nani. Majirani walikuja kutafuta mapaa yao.

Nimeona kazi za wachoraji wengi tangu wakati huo. Kaka yangu katika daftari la saba na la tisa alikuwa sawa na Fundi Mvua, na kwa maji alimpita. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu.

Sasa mnielewe vizuri hapa. Vitabu vya kigeni vilichapwa maelfu kwa maelfu. Kimoja kikiungua jikoni Mikumi, kingine kipo kwingine. Madaftari ya kaka yalikuwa moja moja. Hakuna mashine, hakuna nakala. Likipotea daftari, kazi imepotea. Aliyahifadhi katika sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, na mimi nikampa ahadi kwamba nitatafuta mtu Dar es Salaam wa kuyachapa. Ahadi hiyo nilikuwa naishughulikia, barua nilishaandika tatu, aliposhikwa na homa. Homa ya siku nne tu. Hata treni haikuniwahisha.

Msiba ulikuwa kwetu Chanzuru, na watani walikuja.

Kwa msomaji ambaye kwao hakuna utani wa makabila, nieleze. Watani wetu ni watu wa magharibi, waliokuja zamani kwa misafara, halafu kwa mkonge na reli. Mtani anaweza kuingia kwako, akafunua sufuria, akala nyama yote akakuachia mchuzi, na huna ruhusa ya kununa. Msibani ndiyo zamu yake hasa. Anachimba kaburi, anapika, anabeba maji, na wakati huohuo anamwigiza marehemu, anavaa nguo zake, anawachekesha wafiwa kwa nguvu. Anaweza kukamata kitu cha nyumba na kukataa kukitoa mpaka kigombolewe. Mfiwa anacheka, anagomboa, kitu kinarudi, maisha yanaendelea. Kumkasirikia mtani ni mwiko.

Mtani wetu mkubwa alikuwa mtu wa gengi la reli, anakaa Munisagara, mrefu, tumbo mbele, mdomo hauna breki. Tangu nikiwa msichana nikimwambia shikamoo alijibu, “Sina cha kukupa, pita.” Alikuwa rafiki wa kaka. Ndiye aliyechimba kaburi lake, alianza alfajiri akamaliza peke yake, hilo silifichi.

Siku ya tatu ya matanga, kiwanja kimejaa watu, akatokea kutoka nyuma ya nyumba amevaa ovaroli la kaka, lile la kazini lenye madoa ya rangi. Penseli sikioni. Sanduku la mbao kwapani. Akakaa katikati ya kiwanja, akakunja uso sawasawa na kaka alivyoukunja akichora, akamtazama shangazi yetu, ambaye alikuwa na mwili wa kutosha, akachora mavumbini duara kubwa, akalitazama tena, akaona halitoshi, akaliongeza. Watu wakavunjika mbavu. Mama yangu akacheka. Siku tatu alikuwa hajafungua mdomo hata kwa uji, na sasa alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi sikucheka. Macho yangu yalikuwa kwenye sanduku.

Akalifungua. Akatoa daftari, akalifunua kwa vidole vyenye unga wa ugali, akafunga kanga ya mtu shingoni, akapanda juu ya kinu akapunga mikono kama anapaa. Vicheko vikazidi. Halafu akashuka, akalirudisha daftari sandukuni, akalikalia sanduku lenyewe. Akalikalia!

“Haya!” akapiga kelele. “Hili ni langu. Marehemu kaniachia mimi, maana nyinyi hamjui hata kushika penseli. Anayelitaka alete jogoo, tena mwekundu, tena asiye na chongo!”

Kila mtu akanigeukia mimi, dada wa marehemu. Ndiyo ilikuwa zamu yangu. Nilitakiwa nicheke, niseme jogoo mwekundu nimemfuga kwa ajili ya watu wenye akili, nimtukane kidogo, anitukane, nimshike kuku uani nimpe. Ndivyo tulivyolelewa. Nilijua kila neno.

Nikamwendea nikamwambia, “Mwizi wewe! Unaibia maiti!” Nikalishika sanduku nilivute. Yeye bado alikuwa anacheka, alidhani naigiza. Akasema, “Vuta, mwalimu, vuta, ndiyo mazoezi ya kuolewa.” Hapo nikamzaba kofi. Kofi la kweli, lililosikika mpaka barabarani.

Mama akasema, “Mwanangu, umefanya nini?” kwa lugha ya kwetu, ile ya nyumbani.

Mtani akasimama. Akavua ovaroli taratibu, akalikunja vizuri, akaliweka miguuni pa mama. Sanduku hakuliweka. Akaniambia bila mzaha wowote, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake halisi, “Sanduku halirudi kwa kofi, linarudi kwa jogoo.” Akalitia kwapani akaondoka.

Baba mdogo aliniita pembeni. Akaniambia nichukue jogoo leo hii, nimfuate njiani kabla hajafika stesheni, nicheke hata kwa kujilazimisha, yaishe. Nikamjibu kwamba siwezi kulipa kuku kwa kitu cha kaka yangu wa tumbo moja, aliyekitengeneza kwa mikono yake. Huyo ndiye mwenye kosa, arudishe mwenyewe. Mama akaniomba. Nikamkatalia mama yangu siku ya tatu ya matanga ya mtoto wake. Kesho yake nikapanda treni kurudi Mikumi.

Mnaona? Hata sasa nikiandika nasikia masikio yanawaka. Mtu anakalia kazi ya miaka minne, halafu mimi ndiye niliyevunja mila! Nilijiambia hivyo kila siku. Nililifundisha hata darasani, somo la siasa, kwamba mila nyingine zimepitwa na wakati. Watoto wakaandika kwenye madaftari yao.

Mtani alileta salamu. Watu wa treni walikuwa wanapita kwake Munisagara na kwangu Mikumi, na kila baada ya miezi kadhaa gadi alinipa ujumbe huku akijizuia kucheka. “Mtani wako anasema jogoo anazeeka, atakuwa mgumu kuiva.” Nikajibu, “Mwambie mwizi huyo, polisi wapo.” Ikaja nyingine: “Anasema basi lete tetea, amepunguza masharti.” Nikajibu kwa maneno ambayo gadi alikataa kuyabeba. Mwaka wa tatu ikaja ya mwisho: “Anasema lete hata kifaranga.” Sikujibu. Baada ya hapo salamu zikakoma, na mimi, mjinga niliyekamilika, nikadhani nimeshinda.

Wakati huo ndipo watu walianza kuhamishiwa vijijini. Waliokuwa wametawanyika milimani waliletwa chini, karibu na reli na barabara. Mimi pale Mikumi niliwafundisha watoto nyimbo za kuwapokea. Tuliimba vizuri sana, tulisifiwa.

Aliyenivunja kiburi ni mama. Alikuwa anaumwa, akanishika mkono akaniambia, “Nataka kuyaona yale maji ya mwanangu kabla sijaondoka.” Alikuwa anasema kurasa sita za daftari la saba. Nikamshika jogoo mwekundu uani, mzima wa macho yote mawili, nikamfunga miguu, nikapanda treni kwenda Munisagara. Njiani nilikuwa najifunza kucheka. Nilikuwa naandaa matusi ya kumtania.

Nilimkuta kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Amekonda, tumbo limekwisha.

“Shikamoo,” nikamwambia, nikingoja aniambie hana cha kunipa.

“Marahaba, mwalimu. Karibu.”

Nikajua hapo hapo kwamba mambo yameharibika. Nikamwekea jogoo miguuni. Nikasema lile la kutania nililoliandaa, likatoka vibaya. Yeye akamtazama jogoo, akamfungua kamba, akamwachia atembee.

“Umechelewa kwa mvua mbili,” akasema.

Akanisimulia, na mkewe alikuwepo akitikisa kichwa. Sanduku alilitia ndani ya gunia akaliweka darini juu ya moshi, mchwa wasilipande, na kila masika yakiisha aliyaanika madaftari juani moja moja. Siku lori la kuhamisha lilipofika waliambiwa wabebe vya kupikia na vya kulalia, basi. Yeye akapanda na sanduku. Bwana aliyesimamia lori akauliza lina nini. Akamjibu ni amana ya watu. Yule bwana akalifungua, akaona mwanamke anapaa na kanga shingoni, akasema, “Mzee, nchi inajenga vijiji, wewe unabeba katuni?” Akalitupa chini. Nyumba yenyewe ilikuwa tayari imetiwa moto ili watu wasirudi, na upepo ulikuwa unaleta nyasi za paa zinazowaka. Sanduku likashika moto.

“Nikaruka,” akasema. “Nikawahi moja.”

Mkewe akaenda ndani akaja nalo limefungwa kwenye kipande cha kanga. La saba, niliomba, ya Rabi, liwe la saba. Nikalifunua.

Lilikuwa la kwanza. La kwanza kabisa, kaka alipokuwa hajui hata mkono wa mtu unafika wapi. Mwanamke wake ana uso kama kiazi kitamu, mguu mmoja mfupi. Na mbele yake anakimbia mwizi wa kuku mwenye tumbo kubwa, ambaye ni mtani mwenyewe.

“Kati ya yote kumi na moja!” nikamfokea. “Mafuriko yalikuwemo! Soko lilikuwemo! Wewe ukachukua lenye sura yako!”

“Lilianguka limefunguka,” akasema. “Mwalimu, mtu akiona uso wake unaungua afanyeje?”

Nikamuuliza, tena kwa kupiga kelele, majirani wakitoka nje kutazama, kwa nini hakuleta mwenyewe miaka yote ile. Chanzuru ni karibu. Angeliweka tu mlangoni akaondoka.

Akajibu, “Uliniita mwizi mbele ya watu. Ningelirudisha bure, ningekuwa nimekubali. Ilikuwa lazima uligomboe, ili ijulikane ulikuwa utani.”

Nikarudi Chanzuru na daftari moja, na mama nikamwambia mengine yapo Dar es Salaam yanachapwa. Alifariki akiamini hivyo.

Nimemkasirikia yule bwana wa lori miaka yote. Alikuwa na nafasi ya sanduku moja, nalijua lori lile, lingetosha. Nimemkasirikia mjumbe wa kasumba, na shamba la mbegu lililopaka chokaa juu ya vibao vyake, na wale wa Dar es Salaam ambao barua zangu tatu hawakuzijibu mpaka leo. Katuni naendelea kukusanya, macho yakiniruhusu. Wachoraji wa kigeni siku hizi wanajulikana kwa majina yao. Watu wamekaa wakalinganisha mikono na vidole kama sisi barazani, wakawaandikia vitabu. Fundi Mvua nimemwona kwenye picha, mzee wa miwani, amekaa bustanini. Nilifurahi kwa ajili yake, na nikalia kwa hasira.

Juzi alinijia kijana mmoja, msomi, anayetafuta kazi za wachoraji wa zamani wa nchi hii. Ameelekezwa kwangu. Nilimkaribisha, nikamwonyesha vitabu vya Mikumi, akashangaa jinsi tulivyowatambua wachoraji bila majina. Kisha nikamletea daftari la kaka. Alilifunua kwa heshima, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho.

“Alijitahidi,” akasema, akanirudishia kwa mikono miwili.

Alijitahidi! Nikaanza kumweleza la saba, maji, sufuria, ule mkono. Nikamweleza mapaa ya la tisa. Nilieleza sana, nikasimama, nikachora hewani. Yeye akaitikia kwa kichwa kwa adabu, jinsi wote tunavyomwitikia mtu anayemsifia marehemu wake, na kwenye karatasi yake hakuandika kitu. Hakukosea. Kwa alichoonyeshwa, ndivyo kaka yangu alivyo. Walioyaona yale kumi ni mimi na wazee wachache wa Chanzuru waliosahau. Nikifa mimi kaka atakuwa mtu aliyejitahidi, na kuku uani siku ile ya kofi walikuwepo tisa.